Waya wa Jibu

Jua lilikuwa halijagusa bado mabati ya depo, na Yvette alishakaa na kusimama mara nyingi mpaka mlinzi akamuuliza kama benchi lina siafu. Kule Kamulenga, kwenye njia ya Kabambare, alikuwa ameacha watoto wamelala wawiliwawili kitandani, wengine chini kwenye mkeka, na dawa ya sindano ya malaria imekwisha kabisa. Aliwaambia mama zao kwamba kesho jioni atakuwa amerudi nayo. Kesho yenyewe ndiyo hii, na Bwana Hervé, meneja wa depo ya Mradi wa Afya Kwetu, alikuwa ofisini anakunywa chai huku mlango umerudishiwa.

Hervé alipotoka alitoka taratibu, shati limepigwa pasi, na akamsalimia kila mmoja kwa jina la kituo chake. Huyu bwana hakuwa mtu wa kufoka. Angekuwa anafoka, watu wangejua pa kumshikia.

"Titulaire wa Kamulenga," akasema, kwa jina wanaloitwa wauguzi wakuu wa vituo. "Wewe kila siku mama wa haraka."

"Watoto hawangoji, Monsieur Hervé."

"Wote tunangoja, mama. Mimi nangoja Kindu, Kindu inangoja Kinshasa. Sasa sikiliza vizuri. Carton zako ziko na plomb. Unazifungua kule kwako mbele ya kamati, si njiani. Plomb ikikatika njiani, mwizi njo wewe. Na saa ya phonie tusikie sauti yako: bien reçu, complet. Bila jibu, safari ingine hatukutumie kitu."

Plomb ni ule mkanda wenye muhuri wa mradi unaozungushwa kwenye carton mpaka hata mende hapati pa kupita. Na phonie ni ile redio ya mawimbi iliyokaa juu ya meza ya kila kituo, ikila umeme wa betri ya jua. Kila alasiri vituo vyote hukutana kwenye mstari mmoja, kila kimoja kikijibu bien reçu, complet, yaani nimepokea vyote. Akisema mmoja, wote wanasikia. Mwaka uliopita betri ya Jean-Marie, titulaire wa kituo kimoja huko mbele zaidi, ilikufa siku ileile alipopokea dawa zake. Dawa zilifika zote, salama salimini. Kilichokosa kufika ni jibu. Depo ikamkata, na kwa miezi akawa anawatibu watu wake kwa maji ya moto na pole. Tangu siku hiyo hakuna titulaire aliyethubutu kuichezea saa ya phonie.

Yvette alitia sahihi pale alipoonyeshwa, akabeba mwenyewe carton moja ya sindano mpaka kwenye jeep; nyingine mbili za sindano mpakizi alikwishaziweka mbele ya kiti. Za serum, yale maji ya dripu, akaziacha wapakizi wazirushe nyuma.

Dereva, Atumani, mtu wa Kasongo mjini aliyezaliwa karibu na msikiti na kukulia chini ya magari ya watu, alikuwa anapangusa kiti kwa mkono. Punje za mchele zikamwagika chini.

"Karibu, mama. Usione haya. Jumamosi tulipeleka muchele ya chef wetu Hervé mpaka Salamabila. Kule kwa wachimba-dhahabu njo kuna bei."

"Na hii gari ya wagonjwa?"

"Gari haijui nani anapanda." Akagonga dirisha, mahali palipoandikwa kwa rangi ya bluu: Kwa Ajili ya Mama na Mtoto. "Mimi pia najifanya sijui. Mazutu ya gari imepanda bei tena, unasikia? Siku hizi wanaipima kwa chupa ya bia, na nusu ni maji. Panda, twende."

Wakatoka Kasongo. Carton moja Yvette aliipakata, nyingine mbili zikakaa miguuni kwake, magoti yakabaki juu karibu na kidevu. Mvua ya usiku ilikuwa imeifanya barabara kuwa uji. Waendesha pikipiki walipita pembeni, miguu imetanuliwa, na majerikani ya mawese nyuma. Kila pikipiki ilipowapita Yvette alisikia moyo unaikimbilia. Alimwuliza Atumani kama jeep haiwezi kwenda mbio zaidi. Atumani akasema inaweza, ila wao ndio hawataweza. Baada ya kona mbili Yvette akauliza tena.

Walikuwa wametoka kwenye daraja la mbao, wanaingia msituni, injini ikazima. Haikukohoa wala haikutetemeka. Ilizima tu, jeep ikateleza kidogo kwenye matope na kusimama katikati ya njia, na kwenye dashibodi taa ya rangi ya chungwa ikawaka.

Atumani alipiga ufunguo. Injini ikazunguka, ikashika kwa pumzi moja, ikafa. Akapiga tena. Vilevile.

"Mazutu ya maji," Yvette akasema.

"Ya maji ingetapika kwanza. Hii imekatwa." Alishuka, akafungua boneti, akainama huko mpaka Yvette akaona kiuno tu. Aliporudi alikuja upande wake. "Shuka, mama. Na carton zako. Kompyuta ya moteur iko nyuma ya kasanduku kale mbele ya magoti yako."

Yvette alishuka. Carton ya kwanza aliiweka juu ya jani la mgomba wa porini, mikono ikauma kama siku zote. Alikuwa amebeba carton za namna hii kwa miaka mingi, mikono yake iliujua uzito wake kuliko mizani. Akainama kuchukua ya pili, akavuta kwa nguvu ileile, na carton ikaruka juu mpaka karibu impige usoni.

Akasimama nayo. Akaiinamisha taratibu kushoto, halafu kulia. Ndani kitu laini kilisogea kidogo, kikafuatwa na mlio mdogo wa vichupa vichache. Akaiweka chini, akainua ya tatu. Nayo ilikuwa hivyohivyo.

"Atumani. Shika hii."

Dereva aliishika, akaitikisa mara moja tu. Akaugeuza ule mkanda, akautazama pande zote.

"Plomb ni nzima."

"Naona kama ni nzima."

"Basi usinishikishe, mama." Akairudisha juu ya jani haraka. "Mimi ni dereva. Niko na bibi na watoto. Sikushika kitu."

Yvette alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, na chini ya hasira ilikuwa hofu. Angeikata ile plomb palepale. Lakini nani angekuwa shahidi? Huyu hapa, ambaye ameshasema hakushika kitu? Akaanza kutembea, kwenda kwenye daraja, kurudi kwenye jeep, kwenda tena, kanga yake ikilowa matope mpaka magotini.

Atumani alikuwa ameng'oa kile kijisanduku na kuingiza mkono mpaka begani. Alitoa kiota. Majani makavu, nyuzi za gunia, karatasi iliyotafunwa, na maganda ya mchele, mengi, yakimwagika kwenye zulia la gari.

"Panya," akasema. "Tulibeba muchele, muchele ikabeba panya. Sasa angalia walichokula."

Yvette hakutaka kuangalia. Aliangalia kwa sababu angeendelea kutembea angelia. Kulikuwa na sanduku la chuma bapa na shada la nyaya za kila rangi.

"Hii njo kompyuta," Atumani akaeleza, bila kuacha kupapasa. "Inapiga hesabu yote: sasa pulizia mazutu hapa, sasa pale. Lakini yenyewe haina nguvu ya kufungua injecteur, ile midomo ya kupulizia. Inatuma alama ndogo tu. Kule mbele, chini ya boneti, kuna sanduku la pili. Ile njo iko na nguvu. Inapokea alama, inafungua injecteur, halafu inarudisha jibu: nimefungua. Nyaya ine zinaenda, waya moja inarudi. Kila mara inapulizia, inajibu."

"Na imekufa?"

"Haijafa! Moteur ni muzima, sanduku ni zima, injecteur ni nzima. Waya ya jibu njo wamekula. Kompyuta inatuma, haisikii jibu, inasema kule kuna ajali, inakata mazutu. Imefundishwa vile."

Yvette akamwazia Jean-Marie na betri yake, akasukuma mawazo hayo mbali. "Basi unga huo waya."

"Umekatikia ndani, pale unapopenya kwenye bati. Ningepitisha mpya kutoka mbele, lakini waya nilio nao ni huu." Akaonyesha kipande kisichozidi mkono wake. "Unafika hapa. Haufiki kule." Alikaa kwenye kizingiti cha mlango, akajikuna ndevu. "Kuna njia ingine. Sipendi."

"Sema."

"Nachukua ile alama inayotoka, naigeuza irudi kwenye tundu la jibu, hapahapa kwenye kompyuta. Itasema: pulizia. Halafu itasikia: nimepulizia. Itakuwa inasikia sauti yake yenyewe, lakini haitajua."

"Itatembea?"

"Itatembea. Ila kama kule mbele injecteur moja ikikataa kweli, kompyuta haitapata habari. Itakuwa inafurahi tu."

Msituni ndege mmoja alikuwa akipiga kelele ileile bila kuchoka. Pikipiki ikapita, imebeba mbuzi wawili. Yvette aliitazama mpaka ikapotea.

"Fanya," akasema.

Atumani akamwomba chaja yake ya simu. Yvette alimpa bila kuuliza, naye akaipasua kwa jiwe, akatoa humo vidude vyeusi vyenye mstari mweupe, vinavyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Kila waya wa amri aliutoboa kidogo, akauwekea kidude chake ili nyaya zisichanganyikane, ncha zote akazikutanisha kwenye tundu la jibu, akafunga kwa plasta ya kidonda aliyoitoa Yvette mfukoni. Akapiga ufunguo. Injini ikanguruma, ikaendelea kunguruma, na ile taa ya chungwa ikazimika.

Yvette alishangilia. Alishangilia kweli, akapiga makofi pale matopeni, kisha akageuka akaziona carton zake juu ya jani.

Kizuizi, au barrière, kilikuwa mbele kidogo, kabla ya mlima: mwanzi umelazwa njiani juu ya mapipa mawili, kibanda cha majani, na askari aliyevaa juu sare na chini kaptula ya kuchezea mpira. Watu humwita chef, naye hajawahi kumsahihisha mtu.

"Ordre de mission."

Atumani akampa karatasi ya ruhusa ya safari. Chef akaisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo.

"Munabeba nini?"

"Dawa, chef," Yvette akasema.

"Fungua nione."

"Haifunguliwi njiani. Iko na plomb."

"Kila mutu iko na plomb siku hizi. Juzi walipita na plomb, ndani kulikuwa sigara." Akaingiza mkono dirishani, akaigonga ile carton iliyokuwa magotini kwa Yvette. Ilikuwa ya kwanza, ile nzito. Yvette alishukuru kwamba ndiyo aliyoipakata, akaona haya kwa kushukuru. "Ndani kuna nini?"

"Sindano ya malaria. Ya watoto."

Yule askari hakuondoa mkono, ila sauti yake ilishuka. "Malaria ile ya degedege?"

"Ndiyo."

"Mutoto wangu mudogo iko na homa tangu juzi. Jana alitetemeka, macho yakageuka." Akatazama nyuma, kule kibandani, kana kwamba mtu angemsikia. "Bibi yangu Chimène anasema tumupeleke Kamulenga kwenu. Mimi namuambia, tutaenda kule tukute wanasema dawa imeisha. Sasa mama, niambie wewe. Dawa itakuwa iko?"

Yvette alihisi zile carton mbili zikimgusa miguu, nyepesi. Alikuwa na haraka. Mwanzi bado ulikuwa njiani, na saa ya phonie ilikuwa inakuja, na huyu baba alikuwa anamtazama kama wanavyomtazama wote.

"Iko," akasema. "Itakuwa iko. Mwambie alete mutoto leo."

Chef aliinua mwanzi mwenyewe. Hakuomba hata kitu cha sabuni, na Atumani, aliyekuwa amekwishatenga paketi ya sigara kwa kazi hiyo, alibaki nayo mkononi.

Mlimani injini ikaanza kutikisika. Kioo kililia, usukani ukacheza mikononi mwa Atumani, na moshi mweupe ukawafuata. Yvette alishika carton yake kwa mikono miwili.

"Ni nini tena?"

"Moja imekataa. Kule mbele. Sasa tunapanda na tatu." Akaonyesha dashibodi kwa kidevu. "Lakini tazama taa. Iko hata moja? Kwa kompyuta hii gari ni mpya, imetoka dukani leo asubuhi."

Alicheka peke yake. Yvette aliitazama ile dashibodi safi, isiyo na lawama, njia yote iliyobaki.

Walifika Kamulenga jua limeanza kulegea. Mama wa wale watoto walitoka wote kwenye baraza, wakaisindikiza jeep kwa macho mpaka iliposimama, na hakuna aliyepiga vigelegele. Walikuwa wamechoka kiasi hicho. Benita, ambaye mtoto wake wa kike Faida alikuwa hajafumbua macho vizuri tangu asubuhi, alimshika Yvette mkono, akamwachia.

Plomb zilikatwa ndani, mbele ya Mzee Kamaldine, mwenyekiti wa kamati, fundi cherehani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Carton ya kwanza ilikuwa imejaa. Ya pili, mzee alipoifunua, juu kulikuwa na safu moja ya vichupa vilivyopangwa vizuri. Chini yake palikuwa na gunia tupu la mchele. Lilikuwa limekunjwa pembe kwa pembe, limesawazishwa kwa mkono, kazi ya mtu mwenye adabu zake. Ya tatu ilikuwa na gunia lake pia.

Mzee Kamaldine alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Labda wamekosea kupakia."

"Walikunja, mzee," Yvette akasema. "Mtu hakosei kukunja."

Phonie ikaanza kukoroma mezani. Alikuwa Pacifique, kijana wa redio wa depo, anaita vituo kimoja baada ya kingine kwa sauti yake ya kuimba. Kila kituo kiliitika. "Bien reçu, complet." "Bien reçu, complet." Yvette aliwajua kwa sauti wote, huyu walisoma naye shule ya uuguzi, huyu alimzika mumewe mwaka jana. Ikaja sauti ya Jean-Marie, imechoka, inakimbilia mwisho wa sentensi: "Bien reçu. Complet. Kabisa complet." Kwa jinsi alivyorudia, Yvette akajua carton zake nazo ziliruka juu alipozibeba.

"Mama," mzee alisema kwa upole, "sema kama wenzako. Tukikatwa, hata hii nusu tutaitamani."

Ilikuwa kweli, na ndicho kilichomuuma. Kama angesema complet, safari ijayo ingekuja nusu nyingine. Kama asingesema, pengine isingekuja hata moja, na hao watoto wa barazani hawakuwa na mwingine.

"Kamulenga, Kamulenga, hapa depo. Umepokea? À toi."

Ile à toi ilimpa zamu; Yvette alibonyeza kitufe. "Depo, hapa Kamulenga. Nimepokea nusu. Carton mbili za sindano zimejaa magunia. À toi."

Alipoachia kitufe pakabaki mvumo tu.

"Kamulenga, sikukupata vizuri. Jibu ni bien reçu. Rudia. À toi."

"Nimepokea nusu, Pacifique. Unanisikia. Nusu. À toi."

Mvumo tena, mrefu zaidi. Nyuma ya mvumo ilisikika sauti ya mtu mwingine akisema kitu taratibu, bila kufoka. Kisha Pacifique akarudi, na safari hii hakuimba.

"Kamulenga, mstari ni mubaya leo. Nimeandika bien reçu, complet. Asante kwa ushirikiano. Kituo kinachofuata..."

Atumani alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina grisi. "Wamegeuza waya ya jibu, kama mimi," akasema polepole.

Na Yvette, kabla kituo kinachofuata hakijaitwa, alibonyeza tena kitufe na hakukiachia. Phonie ndivyo ilivyo: mmoja akishikilia kitufe, mstari wote ni wake, hakuna wa kumkatiza, awe Pacifique, awe Hervé mwenyewe. Alivuta carton ya pili karibu, akaanza kusema. Alitaja vichupa vilivyokuwamo, alitaja gunia na maandishi yaliyokuwa juu yake, alitaja lilivyokunjwa. Alisema gari lililoleta dawa linabeba mchele, na kwamba panya wa mchele huo walikuwa wamekula waya njiani. Hapo Atumani alifunga macho, lakini hakuondoka mlangoni. Alisema Jean-Marie, rafiki yangu, usisome plomb, pima kwa mikono yako. Alisema majina ya watoto waliolala pale, mmoja baada ya mwingine, na aliposahau moja alisimama kulikumbuka, kidole kikiwa palepale. Mzee Kamaldine alinyoosha mkono kama atamzuia, akauacha ukaishia kwenye ukingo wa meza.

Aliendelea mpaka taa ndogo ya betri ikawa nyekundu, ikafifia, ikazimika. Ndipo akainua kidole. Kilikuwa kimekufa ganzi.

"Wamejibu nini?" mzee akauliza.

"Sijui. Sikuwaachia nafasi."

Yvette aliosha mikono kwenye beseni, akachukua trei, akapanga sindano na vile vichupa. Alijua havitatosha kabla hajaanza kupanga, na akapanga hivyohivyo. Aliposukuma mlango wa barazani wale mama walikuwa wamesimama. Ukuta ni wa udongo na sauti ya hasira hupita.

Benita alikuwa mbele, Faida begani. "Mama Yvette. Dawa ilifika?"

"Ilifika nusu."

Benita aligeuka akawatazama wenzake, wale aliokuwa anakula nao sahani moja tangu wiki iliyopita. Kisha akamkaza mtoto kifuani, akapita, akaingia wa kwanza. Nyuma yake wakaanza kusukumana, kimya, mabega tu.

Uani pikipiki ilizima. Mwanamke kijana alishuka kwa shida, matope mpaka nyusi, mtoto amefungwa mgongoni kwa vitenge viwili. Alifika kwenye mlango akakuta migongo ya watu, akanyoosha shingo mpaka alipomwona mwenye koti jeupe.

"Niko Chimène, bibi ya chef wa barrière," akasema, anahema. "Bwana wangu alinituma. Alisema wewe mwenyewe njo ulimuambia dawa iko."

Yvette alikuwa na sindano mkononi, na Faida alikuwa ameshawekwa kitandani anangoja. Angeweza kusema hakusikia vizuri.

"Ndiyo," akasema. "Nilimuambia vile. Mupisheni apite."